Vyungu Vibichi vya Mama Naomi

Ujumbe uliingia mchana, nikiwa jikoni nasonga bada, ugali wetu wa muhogo. Kundi letu la simu lina watu ishirini na saba, wote tuliosoma mkondo wa Sanaa katika chuo kimoja cha ualimu kule milima ya Usambara, wote wastaafu sasa, na kazi yetu kubwa ni kutumiana dua, dawa za sukari na picha za wajukuu. Katibu aliandika: "Ndugu wanachuo, mwenzetu Tabea hatunaye tena. Mazishi keshokutwa, kwao, nyuma ya Magamba." Nikaipua sufuria, nikakaa juu ya mbuzi ya nazi, simu mkononi. Kabla sijajua niandike nini, mmoja akauliza, "Tabea yupi?" Mwingine akajibu, "Yule aliyefukuzwa." Wa tatu akasahihisha, "Hakufukuzwa, alianguka kazi mradi. Alikuwa mbishi sana yule dada." Halafu wakamiminika na vile vimikono vya kuombea dua, mstari baada ya mstari. Jamani! Watu waliokaa naye darasa moja karibu miaka miwili, wakaazima kalamu zake, wakala maparachichi yaliyotoka kwao, leo wanaulizana Tabea yupi. Asiyekuwepo na lake halipo, ni kweli, lakini hata aliyekuwepo? Nilitaka kuwatukana. Nikaandika "Poleni", nikaituma, nikaitazama ile poleni yangu kana kwamba msiba ni wao na mimi ni mpita njia. Kati ya wote ishirini na saba, mimi peke yangu ndiye ninayejua kwa nini Tabea alianguka kazi mradi. Nilikwenda kumzika. Yaliyonikuta msibani nitayasema mwishoni, maana hayataeleweka mpaka mwaka ule ueleweke kwanza.

Sitaeleza nilizaliwa na nani. Inatosha kujua kwamba nilipanda milima ile nikiwa msichana wa Ngamiani, mjini Tanga, mwenye kanga nyepesi na mdomo mwingi, na baridi ya kule juu ikanitia adabu wiki ya kwanza tu. Kitanda changu bwenini kilipakana na cha Tabea. Alikuwa msichana mrefu, mkimya, Mlutheri wa kwaya, mwenye vidole ambavyo ukivitazama unadhani vimekopwa kwa mtu mzima. Usiku wa kwanza alinisikia meno yanavyogongana, akanitupia sweta lake la sufu bila kuniuliza jina. Asubuhi ndipo tukaulizana. Tangu siku ile tulikuwa pamoja, bwaloni, bombani, darasani. Makande ya chuo yalinishinda, nilikuwa nachambua, naweka mahindi huku, maharage kule, natafuta wadudu, naye ananicheka: "Ninyi watu wa pwani mnakula kama mliodondosha sindano." Nami namjibu kwamba wao Washambaa wakiona kiazi kimoja wanafanya sherehe. Alikuwa hacheki kwa sauti. Mabega ndiyo yalikuwa yakicheka. Nikikumbuka hilo nashikwa na hasira, sijui na nani, kwa sababu mabega yale sikuyaona tena yakicheka baada ya mwaka ule, na aliyeyanyamazisha namjua.

Darasa la Sanaa lilikuwa karakana ya zamani ya useremala, yenye madirisha makubwa yasiyofunga sawasawa, ukungu unaingia na kutoka utakavyo. Kulikuwa na harufu ya mafuta ya taa na gundi, na juu ya meza ya katikati ilikaa chupa moja, kitambaa kimoja na mapeasi mawili. Mwaka wa kwanza wote tulichora chupa, kitambaa na mapeasi, mpaka mapeasi yakawa yanaoza tukiyaangalia. Mwaka wa pili, ndio mwaka ninaousema, akarudi kutoka masomoni ng'ambo Mkufunzi Kisanga, mtu wa mjini, msafi, kola imepigwa pasi mpaka inakata. Alirudi na neno jipya: utamaduni wa kuona. Siku ya kwanza alibeba ile chupa akaiweka sakafuni, akasema, "Mwalimu wa sanaa hafundishi mkono. Anafundisha jicho. Haya, nani kawafundisha ninyi kuona kabla hamjafika hapa?" Siwezi kumnyima haki yake, somo lile lilikuwa tamu. Tulitaja kila picha tuliyokulia nayo, naye anaandika ubaoni mpaka chaki inamwagika kwenye suti: kalenda za kiwanda cha chai, Yesu mwenye macho ya buluu, kibao cha kinyozi, makopo ya biskuti, magunia ya mbolea. Mimi nilitaja kanga za mama na maneno yake, darasa zima likacheka nilivyoyasoma kwa madaha. Tabea peke yake hakunyoosha mkono.

"Na wewe, binti wa hapa hapa?" Mkufunzi akamuuliza.

"Kwetu hakuna picha, Mwalimu."

"Hata kalenda?"

"Mama hapendi. Moshi unaziharibu."

"Mama yako anafanya kazi gani?"

"Mfinyanzi."

Nilimwona Mkufunzi Kisanga akiweka chaki chini taratibu, kama mtu aliyeokota kitu barabarani na hataki wengine wajue. Papo hapo akampa kazi mradi yake: achore hatua nane za chungu, tangu udongo unapochimbwa mpaka chungu kinatoka motoni, kila hatua na karatasi yake ya manila. Kazi mradi siyo mchezo, wasiojua wajue. Ndiyo iliyokuwa mlango wa cheti chetu. Aliyeanguka hapo hapati cheti, anarudia mwaka, ikiwa kwao wanakubali kumrudisha. Tabea akasimama, maana ukiongea na mkufunzi unasimama, akasema, "Ya kwanza na ya mwisho nitachora, Mwalimu. Za katikati haziwezekani. Vyungu vibichi havitazamwi." Darasa likaguna. Akaeleza, kwa aibu, huku anajivuta vidole: katika ukoo wao mwanamume haingii kibanda cha ufinyanzi kabisa, na mwanamke anayeingia lazima mikono yake iwe na udongo. Hakuna kuketi ukatazama tu. Mwenye mikono misafi anakaa nje mpaka chungu kitoke motoni, ndipo kila mtu atazame apendavyo, asifu, anunue, achore. Mkufunzi akatabasamu. "Binti, mpishi anayekataa kuonja ni mpishi gani? Na mwalimu wa sanaa anayekataa kutazama je?" Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, na rafiki yangu amesimama pale pale pembeni yangu. Kisha Mkufunzi akatupitishia macho darasa zima, akasema, "Kama mwenye kwao hawezi, tuone nani atatuletea." Leo najua alikuwa ameturushia mfupa. Siku ile nilidhani ni mwaliko.

Likizo fupi ya katikati ya muhula, mvua ilikata barabara ya Mombo pale juu ya Soni, sikuweza kuteremka kwenda Tanga. Tabea akasema, "Twende kwetu." Tulitembea kutwa nzima kwa mguu, tukipita ukingoni mwa msitu, wanawake wenye mizigo ya kabichi wakitusalimia "onga mshi" na mimi nikiitikia vibaya, wanacheka. Kwao palikuwa na nyumba ya udongo iliyokandikwa vizuri, jiko lake pembeni, na hatua chache chini yake, karibu na migomba, kibanda kisicho na dirisha. Mama yake aliitwa Mama Naomi kwa jina la kifungua mimba wake. Mwanamke mfupi, mkali, asiyependa maneno, aliyejulikana sokoni Lushoto kwa vyungu visivyovuja na kwa ulimi usiopunguza bei. Nikapiga goti, "Shikamoo mama." "Marahaba. Una njaa," akasema, hakuuliza. Tukapewa viazi vilivyochemshwa na maganda yake, maharage yenye maziwa ya ng'ombe juu yake, na chai nzito. Nilikula nikiwa nimeegemea ukuta wenye joto la moto, mvua inapiga bati, na wallahi nilijiona nimefika nyumbani. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Nyumba ile haikupona kwa kuja kwangu.

Siku mbili nilikaa kibandani nao, mikono yangu ndani ya udongo kama sheria yao inavyotaka. Nilipewa kazi ya kitoto, kuponda na kuokota vijiwe, huku Mama Naomi akizunguka chungu badala ya chungu kuzunguka, anatembea kinyumenyume, kiganja ndani, kipande cha kibuyu nje, ukuta unapanda mbele ya macho yangu. Naomi, dada yake Tabea, alikuwa akitia urembo kwa gunzi la muhindi, mtoto wake mgongoni amelala. Tabea aling'arisha kwa jiwe lake laini, dogo kama yai la njiwa, alilopewa na mama yake tangu ana miaka saba. Waliongea Kishambaa, nami naambulia neno moja hapa na pale. Lakini jioni moja jikoni Mama Naomi alisema kwa Kiswahili, makusudi, nami niko hapo hapo namenya viazi: "Huyu kaniomba achore vyungu vibichi kwa ajili ya chuo. Nimemwambia, nimekupeleka ukawe mwalimu, sikukupeleka ukawe mwizi wa nyumbani." Tabea akainama. Mimi nikaendelea kumenya viazi. Vyungu kumi na vinne vilikuwa vimepangwa kibandani, vimefunikwa majani ya migomba na magunia yaliyoloweshwa, vinakauka polepole, na mimi kichwani nilikuwa tayari navipanga kwenye karatasi.

Asubuhi ya tatu mvua ilipumzika, jua likatoka kali, wote wakaenda shambani kuchimba viazi. Nikasema tumbo linanisokota. Walipopotea nyuma ya migomba nilikwenda nikanawa mikono. Hilo nalisema wazi: nilinawa vizuri, kwa sabuni, mpaka chini ya kucha, ili nisichafue karatasi. Nikachukua daftari na penseli, nikaingia, nikaacha mlango wazi nipate mwanga, nikafunua majani, nikayaweka chini, magunia nikayatundika nje. Sijawahi kuchora vile kabla wala baada. Kila chungu kilikuwa na namna yake ya kuinamisha bega, alama za vidole vya Mama Naomi zilionekana ndani ya midomo yao, na vilikuwa na ile rangi ya udongo ambao si mbichi wala si mkavu. Nilichora hatua zote sita za katikati, nyingine kwa kuziona, nyingine kwa kukumbuka siku mbili zile. Jua liliingia mlangoni likavikalia vyungu vya mbele, nikashukuru kwa sababu kivuli kilikuwa kizuri. Nilikaa humo mpaka nikasikia sauti zao kwa mbali bondeni. Ndipo nikafunika harakaharaka, magunia yakiwa yamekwisha kukauka, nikakimbilia kitandani, nikajikunja kama mgonjwa. Tabea aliniletea uji. "Unajisikiaje?" "Nafuu," nikamwambia. Aliketi kidogo ukingoni mwa kitanda, akaondoka.

Siku ya kuchoma, Mama Naomi alivipanga vyungu uwanjani, kuni kavu, nyasi, kinyesi cha ng'ombe, akawasha. Majirani wanawake walikuja kutazama, maana sasa kutazama kuliruhusiwa. Haikuchukua muda. Pa! Kimya. Pa! Pa! Mama mmoja akashika kichwa, "Loo, Mama Naomi!" Vilipasuka kumi na kimoja kati ya kumi na vinne. Mama Naomi hakupiga kelele. Alisimama mpaka moto ukaisha, akavuta vigae kwa fimbo, akavigeuza, akavitazama. Kisha akamtazama Tabea, akamuuliza jambo kwa Kishambaa, na neno pekee nililolishika lilikuwa "daftari". Tabea akajibu kwa ufupi. Mama akanyoosha kiganja. Tabea akatoa lile jiwe lake la kung'arishia kwenye fundo la kanga, akampa, na mama yake akalipitisha moja kwa moja kwa Naomi. Mimi nilisimama pale, mdomo huu huu uliokuwa ukichekesha bweni zima, ukakosa neno. Mchuma janga hula na wa kwao, ndivyo tulivyofundishwa. Mimi nililichuma, wakala wengine. Jioni tukapewa chakula kama kawaida, na nilikula, tena nilishiba.

Njiani kurudi chuoni nilimuuliza Tabea mama yake alisema nini. "Amesema nisikanyage kibandani tena. Na chuo nimalize mwaka huu huu, hakuna kurudia." Nikasema pole. Akasema, "Tuyaache." Wiki sita zilifuata kabla ya siku ya maonyesho. Nilikuwa nachora manila zangu kwa kujificha, kwenye stoo ya karakana, Mkufunzi Kisanga amenipa ufunguo, na kila nilipotoka na penseli nyuma ya sikio, Tabea alikuwa mahali, bombani, ngazini, anafua au hafui. Siku moja bwaloni aliniuliza, "Zubeda, kazi yako imefikia wapi?" "Naendelea." "Unachora nini?" Nikamwambia nachora kanga. Alinitazama muda mrefu. "Haya," akasema, akanikatia nusu ya parachichi lake. Nililipokea. Mungu anisamehe, nililipokea na nikamwomba chumvi.

Siku ya maonyesho walikuja wakaguzi watatu, tukavaa sare, karakana ikafagiliwa mpaka ikang'aa. Nilitundika manila zangu nane ukuta wa kulia. Wakaguzi walisimama pale hawatoki. Mkufunzi Kisanga alikuwa akipita nyuma yao ananong'ona, "Mtoto wa pwani huyo. Ameona alichoshindwa kuona mwenye kwao." Tabea alikuwa ukuta wa mkabala. Ya kwanza, alichora kwa mkaa shimo la udongo na mgongo wa mama yake ameinama, mgongo tu, ukajua ni mtu gani. Ya nane, vile vyungu vitatu vilivyopona, vyeusi kwa moshi, vizito, nikahisi ukivigonga vitalia. Na katikati yake alikuwa ametundika manila sita tupu. Nyeupe, hazina hata doa, zimebandikwa vizuri na kupangwa kwa mstari, kila moja na namba ya hatua yake chini, na maneno yale yale: havitazamwi. Nimefundisha sanaa zaidi ya miaka thelathini, nimeona kazi za wanafunzi hata sijui ngapi, na bado nasema hakuna aliyelijibu swali la Mkufunzi Kisanga kama Tabea alivyolijibu. Aliuliza nani kawafundisha kuona. Yeye akaonyesha. Mkaguzi mmoja, mama mtu mzima, alizisogelea zile karatasi tupu, akavua miwani, akavaa tena. Lakini Mkufunzi aliona dharau. "Hii ni nini? Unafanya mzaha mbele ya wageni?" Tabea akasema, "Si mzaha, Mwalimu. Ndivyo inavyoonekana kwetu."

Yule mkaguzi mama ndiye aliyetafuta njia. Akamwambia Mkufunzi, nasi sote tunasikia, "Huyu na huyu si wamechora kitu kimoja? Labda wamegawana kazi." Mkufunzi akanigeukia. Hakuwa mtu mbaya sana. Naona alifurahi kupata mlango. "Zubeda, hizi ulizichora wapi?" "Kwa kina Tabea, Mwalimu." "Mlifanya pamoja? Sema tu. Kama mmeshirikiana, hizi sita zako zinaziba sita zake, naandika majina mawili, mnapita wote." Ukungu ulikuwa umeingia dirishani, nakumbuka baridi yake shingoni. Tabea alikuwa upande wa pili wa karakana, amesimama mbele ya karatasi zake, ananitazama. Hakuniomba kitu. Neno moja tu lilitakiwa, ndiyo, na Tabea angekuwa mwalimu. Nimejipa sababu nyingi miaka yote hii: kwamba nilichelea ataonekana amevunja mwiko wa kwao, kwamba yeye mwenyewe angekataa, kwamba nilishtuka. Uongo mtupu. Nilitaka jina liwe moja. Nikasema, "Hapana, Mwalimu. Nilichora peke yangu." Mkufunzi akafungua kalamu, akaandika. Tabea akageuka, akaanza kuzibandua karatasi zake moja moja, pini akizitia mfukoni ili zisipotee, maana zilikuwa za chuo.

Aliondoka kabla ya mahafali. Hatukugombana. Alikunja godoro, akaliacha sweta lake juu ya kitanda changu, nami sikumfuata nalo. Mimi nikapata cheti chenye alama za juu, nikapangiwa shule nzuri Tanga mjini, na zile manila zangu Mkufunzi aliziomba zibaki ukutani kufundishia wengine. Nikasikia baadaye kwamba Tabea ameajiriwa kibarua kwenye bustani ya miche ya misitu huko Magamba, kwamba ameolewa, kwamba ana watoto wanne. Mwalimu hakuwa. Mfinyanzi pia hakuwa, kwa sababu mama yake alishika neno lake mpaka anaingia kaburini. Miaka kadhaa baadaye, nikifundisha ufinyanzi shuleni, mtoto mmoja wa darasa la sita alifunua nailoni nilizofunikia kazi za wenzake, akaziacha juani apate kuziangalia. Tulipochoma zikapasuka karibu zote. Ndipo nikaelewa, mimi mwalimu mwenye cheti: chungu kikikaushwa upande mmoja haraka na mwingine polepole, moto unakimaliza. Mama Naomi hakuwa na haja ya kunieleza hewa na jua. Alisema mwenye mikono misafi akae nje, basi, inatosha. Na mimi nilimfanya nini yule mtoto? Nilimchapa viboko vitatu, mbele ya wenzake, kwa kosa langu.

Sasa msibani. Nilifika watu wamekwisha jaa, mahema mawili, kwaya inaimba. Nikaenda nyuma, kwa wanawake, nikaomba kisu, nikakaa kwenye gogo kumenya viazi. Aliyekaa pembeni yangu alikuwa bibi mwenye macho makavu. Akanitazama mikono kwanza, halafu uso. "Wewe ndiye Zubeda wa Tanga."

"Ndiye. Shikamoo, dada Naomi."

"Marahaba." Akamenya kiazi, akakitupa majini. "Wajua siku ile Tabea alikuona?"

"Siku ipi?"

"Ile uliyosema tumbo linakuuma. Mama alimtuma kutoka shambani aje achukue gunia. Akakukuta kibandani, umeupa mlango mgongo. Akarudi shambani bila gunia, mama akamgombeza sana. Baadaye moto ulipopasua, mama akamuuliza, ni wewe uliyeingia na daftari? Akasema ni mimi."

Kisu kilinisimama mkononi. Miaka yote hii nilidhani Tabea alijua siku ya maonyesho, kama wengine. Kumbe alinijua tangu aliponiletea uji. "Mbona hakunisema?" nikauliza.

"Mgeni anasemwaje? Barabara imekatika, mvua ile, mama angekutoa nje. Ungelala wapi?"

"Na chuoni je? Chuoni kulikuwa na mvua gani?"

"Nami nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema, Zubeda anakwenda kuwa mwalimu, atasema mwenyewe. Mimi nikamwambia, huyo hasemi. Akaniambia, subiri."

Wiki sita zote zile, bombani, ngazini, bwaloni na parachichi lake, alikuwa ananipa nafasi. Mbele, mchungaji alimaliza, msemaji wa familia akasoma historia ya marehemu. Alisema Tabea alijiunga na chuo cha ualimu lakini hakumaliza kwa sababu ya maradhi. Halafu akaita kwa kipaza sauti: salamu kutoka kwa waliosoma naye. Hakuna mwingine wa kundi letu aliyekuja. Naomi akanipokonya kisu taratibu, akanipa kitambaa nifute mikono. "Nenda," akasema.

Nilisimama mbele ya watu wale wote. Watoto wake wanne walikuwa benchi la kwanza, wakubwa wenye watoto wao, na binti wa mwisho ana vidole vile vile. Neno lilikuwa mdomoni, nalihisi: mama yenu hakuugua, mimi ndiye niliyemnyima ualimu. Nikashika kipaza sauti. Nikasema marehemu alikuwa mcheshi, mchapakazi, mtu wa watu, na kwamba sisi wanachuo wenzake hatutamsahau. Wakaitikia amina.

Nikarudi nyuma, nikakaa kwenye gogo. Naomi alikuwa amekwisha anza kiazi kingine, hakuinua uso.

"Haya," akasema. "Mimi nilimwambia."